Baba Mkwe Ng'ambo ya Barabara

Nyinyi mliobaki ofisini mliniomba niandike jinsi kazi ya afya ya umma ilivyokuwa tulipoanza. Mkasema niandike chochote. Haya. Vyeo sitavitaja, maana vilivyokuja vilichelewa na vingine havikuja kabisa, na habari hiyo mnaijua kunishinda. Nitaandika juu ya jambo moja lililonichukua miaka yote ya kazi kulielewa: namna ya kuwauliza watu neno linalowahusu, kisha kusubiri mpaka waweze kulijibu.

Niliripoti Masimba nikiwa msichana mwenye viatu vipya visivyoweza matope. Watu waliniita bwana afya tangu siku ya kwanza. Nikawaambia, jamani, mimi ni mwanamke. Wakakubali vizuri sana, wakaendelea kuniita bwana afya, na mpaka leo kuna wazee wanaonisalimu hivyo sokoni mbele ya wajukuu wangu.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Onchiri, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Alikuwa na tochi kubwa ya bati aliyoitumia kumulika ndani ya vyoo vya watu kwa uangalifu ambao wengine huuweka kwa Biblia. Siku ile ya kwanza tuliingia bucha moja karibu na stendi. Nzi walikuwa wengi kuliko nyama. Bwana Onchiri akamweleza mwenye bucha habari ya wavu wa dirishani, ya maji ya moto, ya gogo la kukatia lililokuwa likinuka. Kwa kila neno yule bwana alijibu, "Ndiyo daktari. Kabisa daktari." Tulipotoka nikasema kwa furaha kwamba huyu ni mwelewa.

"Kerubo," akasema, "mtu akikukubalia upesi namna hiyo, ama hajakusikia, ama hana nafasi ya kukujibu. Tutarudi."

Tuliporudi, kilichobadilika ni nzi tu, walikuwa wameongezeka. Safari hii Bwana Onchiri aliketi juu ya kreti ya soda nyuma ya bucha, ambako wateja hawaoni, akamuuliza yule bwana maji huyatoa wapi. Kumbe mwenye ploti alikuwa akifunga mfereji na kuondoka na ufunguo, na mwenye ploti mwenyewe ni mjomba wa mke wake. Hilo lisingesemeka mbele ya watu. Tukamwendea mjomba, mfereji ukafunguliwa, nzi wakapungua, na mimi nikajifunza kukaa kwenye kreti.

Kiswahili changu, kwa wale mnaokisifu, nilikisafishia kwa Mama Rukia, aliyekuwa na hoteli Kisii mjini. Wazee wake walifika huku na biashara zamani za reli, wakaoa, wakaolewa, wakabaki. Ukimwambia "leta kikombe ingine" alikuwa hakuletei. "Kingine, mwanangu, kingine! Nyie mna afya gani hata ulimi haujapona?" Nilimlalamikia siku moja kwamba watu wa mikutano yangu hawasemi kitu. Akafuta meza, akaniambia kimya kingi kina mshindo mkuu, kisha akarudi jikoni kugeuza mahamri yake.

Mshindo huo niliusikia Nyamarambe. Wakati ule agizo lilitoka juu kwamba kila boma liwe na choo, kimoja, kizuri, chenye mlango. Chifu akaitisha baraza, watu wakapiga makofi, vyoo vikachimbwa. Tulipozunguka kukagua tulivikuta vimesimama, vimesiribwa vizuri, vingine na maua mlangoni. Tulipofungua kimoja tukakuta magunia ya mahindi. Cha pili kuku anaatamia. Cha tatu kilikuwa kinatumika, lakini na mzee wa boma peke yake, na wengine wote walikuwa bado wanaelekea migombani.

Wageni wetu wa kutoka ofisi kuu walikasirika, wakasema watu hawa ni wagumu. Wacha niwaeleze nyinyi mliozaliwa mjini. Sisi Wakisii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe, mokamwana, hawashikani mikono. Yeye haingii nyumba ya mokamwana. Mambo ya mwili hayatajwi wakiwa wote wawili wanasikia. Sasa mtu kama huyo ndiye umwambie afuatane na mkwewe kwenye choo kimoja? Afadhali migomba. Na pale barazani nani angesimama aseme hayo, ilhali wakwe zake wameketi mstari wa mbele?

Bwana Onchiri alizima tochi yake. "Hawakukataa," akasema. "Hawakuulizwa."

Tukaanza kuuliza upya, wazee peke yao, wakamwana peke yao mtoni wakifua. Na waliotoa dawa ni wao wenyewe. Walitaka choo chenye vyumba viwili, ukuta katikati, milango ikitazama pande tofauti, na njia mbili zisizokutana. Shimo lilikuwa lile lile. Vikajengwa, vikatumiwa, na mahindi yakarudi ghalani. Mpaka leo nikipita nikaona choo kimoja chenye vijia viwili vinavyokimbiana, natabasamu peke yangu. Vile havikuchorwa na mhandisi yeyote.

Bwana Onchiri alistaafu, akaniachia ile tochi. Ikaja katiba mpya, ukaja ugatuzi, na likaja neno jipya, ushiriki wa umma. Kumbe sasa ilikuwa sheria kuwauliza watu! Nilifurahi mno. Halafu nikaona jinsi tunavyouliza. Hema, viti vya plastiki, kipaza sauti kinachopiga kelele, rasimu ya sera inasomwa mwanzo hadi mwisho, soda, sahihi, gari linaondoka. Vijana wangu, msinune, mnajua nasema kweli.

Kisa ninachotaka kukieleza kilitokea kwenye zahanati moja ya vilimani, mtu akipita Kebirigo. Sitaitaja, na majina ya watu nimeyageuza. Mzee mwenyewe ameshalala katika Bwana. Yule mama nilimwomba ruhusa, akaniambia, "Andika tu, lakini ukinitaja nitakuja huko kwako na jembe."

Rasimu ilisema zahanati ndogo ziache kuzalisha. Mama yeyote mwenye uchungu aende moja kwa moja hospitali kubwa, penye daktari na chumba cha upasuaji. Ukiisoma ukiwa ofisini ni kitu kizuri. Walioiandika hawakuwa watu wabaya, walitaka akina mama wapone. Tukaenda kuwauliza wananchi kwenye uwanja wa shule. Afisa wa sera, kijana msomi mwenye adabu, akafungua kwa kusema asiyekuwapo na lake halipo, kwa hiyo kila mtu aseme.

Wa kwanza kusimama ni Mogaka Ombati. Mogaka ni mzee, kwa heshima. Huyu alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mkulima wa chai ambaye safu zake ungedhani zimepigwa kwa rula. Watu walimpenda na walikuwa na sababu. Akavua kofia.

"Sisi watu ya hapa tumeteseka," akasema. "Mwaka uliopita nyumba yangu ilipoteza mtoto. Mjukuu wangu wa kwanza kwa huyo kijana wangu. Mimi nasema mama apelekwe kwa daktari mkubwa, asikawie hapa kwa hii kachumba. Funga hiyo mlango. Tunakubali."

Makofi yakapigwa. Kijana wa sera akaandika. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, na kwa mazoea ya Bwana Onchiri nikawa naangalia nani amekaa wapi. Nyuma kabisa, karibu na ua, mwanamke mwenye mimba kubwa aliyejifunga leso ya manjano alinyanyuka nusu. Macho yake yakamwangukia Mogaka Ombati. Akaketi tena na kuinamisha kichwa. Yule aliyekuwapo, lake halikuwapo. Nikajua tumerudi Nyamarambe.

Nilimwuliza nesi wa pale, akaniambia ni Kwamboka, mokamwana wa Ombati. Nikamfuata kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, wanawake wanaposubiri lori na vikapu vyao. Pale hapana mwanamume wa rika la wazee, na maneno hutoka yenyewe. Nikageuza kreti, nikakaa. Nikachagua naye majani, nikiondoa yaliyokomaa, mpaka yeye mwenyewe akaanza.

"Bwana afya, ule mtoto hakufia hapa," akasema bila kuniangalia. "Hapa hata sikufika. Baba mkwe alitafuta gari ya jirani, pikapu, akalipa yeye, akasema nipelekwe hospitali kubwa, nisipite dispensari. Alikuwa ananitakia mazuri! Mvua ikanyesha. Gari ikakwama kule kwa mteremko. Nilizaa kwa nyuma ya pikapu, hapo juu ya magunia, na dereva amesimama kando ananipa mgongo. Mtoto alilia kidogo. Hakukuwa mtu wa kumshika vizuri."

Wanawake wengine waliacha kuchagua chai. Mmoja alikuwa analia waziwazi, na nilipomwangalia akasema, "Mimi pia. Barabara ile ile."

"Na mogaka hajui?"

"Ataambiwa na nani? Mume wangu hawezi kumwambia babake vitu ya kuzaa. Mama mkwe alisema tu mtoto hakuwa wa bahati. Yeye anafikiri gari ilikwama ikarudi, na ni dispensari iliniulia mtoto." Akashika tumbo lake kwa mikono miwili. "Nikisema mbele yake, nimevunja heshima, na pia nimemuua yule mzee, kwa sababu gari ni yeye alitafuta. Nikinyamaza, wafunge, na huyu nitamzalia barabarani. Sasa niambie nifanye nini."

Nawaambia ukweli, nililia njia nzima kurudi, mimi mtu mzima mwenye kitambulisho cha serikali shingoni.

Ofisini niliomba kikao cha pili. Mkubwa wangu akasema, "Kerubo, watu wameshakubali, sahihi zipo." Nikamwambia wamekubali upesi mno. Akacheka, akadhani natania. Nikamweleza habari za Nyamarambe, magunia na kuku na yote, bila kumtaja Kwamboka, na bahati nzuri naye alikuwa ameoa kwetu. Akaniruhusu nirudi asubuhi moja. Kijana wa sera akasema atakuja nami aone hicho kitu ambacho hakimo kwenye mwongozo wake.

Lakini kikao cha pili na Ombati yupo kingekuwa sawa na cha kwanza. Nikapanda kwake. Nilimkuta akipogoa chai. Akaniletea kiti nje, akamwita mkewe alete uji wa wimbi, tukazungumza habari za mvua mpaka uji ukaisha. Ndipo nikasema.

"Mogaka, kuna watu wana neno kuhusu zahanati, na hawawezi kulisema wewe ukiwapo."

Akaweka kikombe chini. "Mimi? Mimi nimezuia nani? Si niko mwenyekiti, si nawaambia kila siku waseme?" Sauti ilipanda mpaka mkewe akachungulia mlangoni. "Ni nani hao?"

"Sitakuambia, mogaka."

"Basi ni neno gani?"

"Hilo pia sitakuambia."

Alinikazia macho. Nilidhani atanifukuza. Nikaona hasira inamtoka polepole usoni, kisha kitu kingine kikaingia mahali pake, kama mtu aliyesikia hatua nyuma ya nyumba yake. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Ni chinsoni?"

"Ni chinsoni."

Akachukua kisu chake cha kupogolea, akakifuta kwa kidole gumba, mbele na nyuma. Kisha akanisindikiza hadi njiani, jambo ambalo hulifanyi kwa mgeni uliyemkasirikia.

Siku ya kikao uwanja ulijaa kuliko mwanzo. Kabla kijana wa sera hajashika kipaza sauti, Mogaka Ombati alisimama. Akavua kofia.

"Nina neno moja. Kila mwanamume mwenye mokamwana hapa ndani, atoke na mimi. Tutakaa ng'ambo ya barabara. Wenye kubaki wabaki na hawa watu wa serikali."

Ala! Minong'ono ilizuka. Mzee mmoja akauliza, wa kutoka ni wao wenye ardhi na wa kubaki ni watoto? Ombati akamjibu, "Wewe ulizaa lini?" Watu wakaangua kicheko, yule mzee naye akacheka, wakatoka. Mstari mzima wa mbele ukabaki viti vitupu. Walivuka barabara, wakaketi kwenye nyasi wakitupa mgongo, na Ombati alikaa wa mwisho, fimbo yake magotini. Nimeona watu wengi wakipewa heshima katika kazi hii. Sijaona tena mtu akiivua kama koti ili mwingine apate joto.

Kwamboka alisimama. Akakaza leso yake. Alisema yote, pikapu, mvua, magunia, kilio kile kidogo. Alipofika kwa aliyetafuta gari alisema tu, "mtu aliyenipenda." Akaketi, na mwingine akasimama, na mwingine, na wengi walilia, na kijana wa sera aliacha kuandika akafuta miwani yake. Waliyotaka yalikuwa wazi. Zahanati isifungwe mlango wa kuzalisha. Nesi wa pili aletwe. Gari la wagonjwa likae Kebirigo, lisikae mbali, limchukue yule ambaye nesi ameona ana shida. Hospitali kubwa hawakuikataa, walichokataa ni kuikimbilia kila mmoja kwa barabara ile.

Tulipokuwa tukikunja hema Ombati alivuka barabara akanijia.

"Sitakuuliza amesema nini," akasema. "Wala ni nani. Nataka kujua kitu kimoja tu. Huyo mtu alimaliza?"

"Alimaliza, mogaka."

"Hakukatwa katikati?"

"Hakuna aliyemkata."

"Basi," akasema, akavaa kofia yake.

Lakini kazi ilikuwa bado. Kamati ya afya ya bunge la kaunti iliketi kusikiliza maoni ya mwisho, na mwenyekiti wa zahanati yetu alikuwa ameandikwa upande wa wanaotaka ifungwe. Wakamwita. Alivaa suti yake ya Sabato ingawa ilikuwa siku ya kazi.

"Mimi niliwaambia mfunge," akasema. "Leo nabadilisha. Msifunge."

Mmoja wa wajumbe akauliza, "Sababu yako, mzee? Tunahitaji sababu."

"Sababu siijui."

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.

"Siijui, na hainipasi kuijua. Lakini nilikaa ng'ambo ya barabara, na upepo ukaleta vilio vya wanawake wa kijiji changu. Hao ni watu nimekula chakula chao. Wanawake wote hao hawawezi kulia kwa kitu ya uongo. Kama mimi baba yao niliweza kutoka nje ili waseme, nyinyi mnaweza kuwasikia. Andika hivyo."

Kicheko kilikufa. Nikamwona mkubwa wangu akitazama meza. Sijui kama Ombati alikuwa amekisia. Nadhani alikisia, maana mtu hukumbuka gari aliloliita mwenyewe. Kama alikisia, alikaa na jambo hilo peke yake mpaka alipolala, asimwache Kwamboka hata siku moja aone kwamba anajua.

Rasimu iligeuzwa. Zahanati zenye nesi wa kuzalisha zikaachwa zizalishe, na gari likaja Kebirigo. Kuna na kifungu kinachosema mikutano kuhusu uzazi ipangwe "kwa kuzingatia staha ya kijamii baina ya vizazi." Hiyo ndiyo tafsiri ya serikali ya wazee walioketi kwenye nyasi. Kijana wa sera alikiandika mwenyewe, namsamehe lugha.

Baada ya hapo nilipanda tena kule Jumamosi moja, kupeleka chanjo. Barabara ilikuwa tupu kwa kuwa watu wote wako kanisani. Nilipokaribia zahanati nikamwona Mogaka Ombati ameketi ng'ambo, kwenye nyasi zile zile, na suti yake na Biblia yake, akiupa mlango mgongo. Mzee wa kanisa, Sabato, ibada imeshaanza! Nilipomsalimu hakugeuka. Alijibu tu, na mkono wake ukawa unapapasa jalada la Biblia.

Nikaingia ndani. Nesi alikuwa akicheka na Kwamboka alikuwa akicheka na kulia, na leso ya manjano ilikuwa imefunga kitu kidogo kilichokuwa kikipiga kelele kushinda kipaza sauti cha kaunti. Nikatoka, nikavuka barabara.

Aliuliza akiwa bado ametazama mashamba ya chai.

"Amemaliza?"

"Amemaliza, mogaka. Ni msichana. Wote wawili wazima."

Aliitika kwa kichwa mara nyingi. Kisha akainuka, akajikung'uta nyasi kwenye suruali, akafungua mwavuli wake ingawa mvua haikuwepo, akauinamishia usoni, akapanda kilima kwenda kanisani, amechelewa.